Jumla ya Darasa la Tano

Jumatano ya pili ya Julai, saa nne na nusu asubuhi, mwalimu wa zamu aligonga rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye nguzo ya ofisi, na Darasa la Tano wakafunga madaftari ya hisabati. Kilikuwa kipindi cha dini. Shule yenyewe iko mbele ya Chiungutwa ukielekea Newala, kabla gari halijaanza kupanda mlima, na jina lake tuliache, maana wahusika wote wapo na bado wanasalimiana. Waislamu walitakiwa kwenda chumba cha Darasa la Nne kwa ustadhi Ashraf. Wakristo walibaki palepale wakimsubiri katekista Petro, ambaye alikuwa anaegesha baiskeli yake ukutani.

Dorothy alikuwa amekaa dawati la nyuma na fomu zake mapajani. Alikuwa mthibiti ubora wa shule, kazi ambayo wazee bado wanaiita ukaguzi, na mwaka huo alipewa shule ishirini na sita azizungukie kuangalia kama kipindi cha dini kinafundishwa kweli au watoto wanapelekwa kufagia. Katika shule nyingi watoto walikuwa wanafagia. Kwa hiyo alipoona walimu wa dini wawili wamefika siku moja, tena kwa wakati, alifurahi kimoyomoyo akatoa kalamu.

Kwenye dawati la tatu, upande wa dirishani, alikaa msichana mmoja mwembamba. Rimu iliponyamaza aliifunika kalamu yake, akasimama, na wasichana wawili wakatoka kwenye dawati. Mmoja alichukua mtandio mweupe kwenye mkoba akajifunga kichwani. Mwingine alichukua rula na daftari. Walikuwa na jozi moja tu ya viatu vya plastiki, yeboyebo, wakagawana, wa mtandio cha kulia na wa rula cha kushoto. Wa mtandio alitoka na wenzake akichechemea kidogo, na wa rula akakaa tena mahali pake. Jirani yake wa dawati alikuwa anachonga penseli na hakuinua kichwa.

Dorothy alihesabu Wakristo, akapata ishirini na watatu. Akaenda chumba cha pili akahesabu Waislamu, arobaini na mmoja. Alijumlisha pembeni ya karatasi: sitini na nne. Daftari la mahudhurio la asubuhi hiyo lilisema sitini na tatu. Akarudia, safari hii akiwagusa watoto mabega mmoja mmoja, na jumla haikubadilika.

"Umemhesabu Anifa mara mbili," alisema mwalimu mkuu walipokaa ofisini. Jina lake Mujibu, mtu wa Masasi hapohapo, mwenye tabia ya kupanga chaki kwa urefu wakati anaongea.

"Nimemhesabu mara moja kila chumba."

"Ndiyo hivyo. Kule Anifa, huku Magdalena. Sisi kwenye daftari tunamwandika mmoja, maana asubuhi anaingia mmoja."

Akamweleza, kwa sauti ya mtu anayeeleza bati linalovuja. Baba wa mtoto, Twahiru, ni Mwislamu wa Newala aliyeshuka kuoa na akajenga kwa wakwe, kama wanaume wengi wa huku wafanyavyo. Mama yake, Bibiana, ni wa kanisani. Mtoto alipozaliwa pakawa na maneno. Upande wa baba walikuwa na jina lao, Anifa, na upande wa mama walikuwa na lao, Magdalena, na hakuna upande uliotaka kurudi nyumbani mikono mitupu. Wazee wakakaa kikao, wakala kuku wawili, wakaamua mtoto awe wa kote. Basi wakakaa kwa amani. Sikukuu ya Idi walikuwa wanakula pamoja na Krismasi walikuwa wanakula pamoja. Jambo hilo si geni. Nyumba nyingi za Masasi na Newala zina rozari kwenye msumari mmoja na tasbihi kwenye msumari wa pili, na anayefuta vumbi ni mama yuleyule.

Shida ilianza Darasa la Tatu, kipindi cha dini kilipoingizwa kwenye ratiba kikaanza kufundishwa kweli. Jumatano ya kwanza mtoto alisimama katikati ya mlango akalia mpaka kipindi kikaisha. Jumatano ya pili hakulia, akaenda kote.

"Watoto wenzake wanamwita Mshika-mbili," alisema Mujibu. "Nimewakataza, lakini unajua watoto."

"Na baadaye wanaungana?"

"Wanaungana. Mwanzo walikuwa wanaungana mlangoni, kengele ikigongwa tu. Mwaka jana ikawa saa ya uji. Siku hizi wanachelewa. Wiki iliyopita walikwenda nyumbani wawili, wakaungana wakati wa kula." Alichukua chaki fupi kuliko zote akaiweka mwisho wa mstari. "Mama yake alimpeleka hospitali mmoja wao, huyo mwenye rula. Walimpima wakapata kilo kumi na nne. Akiwa mzima ni ishirini na nane. Nesi akamwambia mama amwongezee uji wa lishe."

Dorothy aliandika sitini na nne, akaenda zake mjini.

Ofisini, mfumo ulikataa. Mfumo ule ulitaka jumla ya Waislamu, Wakristo na wasioshiriki ilingane na idadi ya wanafunzi waliosajiliwa, na isipolingana unageuka mwekundu na hauendi ukurasa wa pili. Mfumo ni mkali kuliko mkwe. Dorothy alimwendea mkuu wake, akamweleza habari ya mtoto. Mkuu alisikiliza huku anatafuna korosho, akauliza kama kuna barua ya mzazi inayoonyesha mtoto ni dini gani. Hakuna. Basi akamwambia arudi, mzazi ajaze, mtoto mmoja dini moja, na taarifa ifungwe kabla ya mwisho wa Agosti.

Fomu ya mzazi ilikuwa na mstari mmoja wa sahihi, na chini yake palichapwa: baba. Waliochapa fomu hiyo walikaa mbali na kwao mtoto ni wa baba. Dorothy mwenyewe alizaliwa Ndanda, mama yake alikuwa nesi, na aliyempeleka sekondari, aliyemkubalia mchumba wake na aliyekuwa wa kwanza kuitwa alipojifungua ni mjomba wake. Alijua vizuri mwenye mtoto ni nani. Lakini fomu imesema baba, naye alikuwa na shule nyingine ishirini na tano za kuzungukia, akampelekea baba.

Alimkuta Twahiru shambani anapuliza salfa kwenye mikorosho, pampu mgongoni, nyusi zote zimekuwa za njano. Alizima pampu ili wasikilizane.

"Shikamoo, Baba Anifa."

"Marahaba, mwalimu. Samahani, sina mkono wa kukupa."

Alisoma fomu akiwa ameishika kwa ncha za vidole. Aliuliza kama akitia alama kwenye Uislamu mke wake ataambiwa. Dorothy akasema ataambiwa na yeye mwenyewe Twahiru, si ofisi. Twahiru alifikiri, akatia alama, akasaini, na karatasi ikabaki na alama za dole gumba za salfa.

Jumatano iliyofuata Dorothy alikaa dawati lilelile la nyuma. Rimu ikagongwa, msichana akafunika kalamu, wakatoka wawili. Mmoja mtandio, mmoja rula. Sahihi ya baba haikuwa imefanya kitu chochote, na hakuna mtu shuleni aliyetegemea ifanye. Hata mwalimu wa zamu alimwuliza Dorothy, kwa upole wa kumsitiri, kama mjomba wa mtoto amehusishwa.

Siku hiyo wasichana hawakuungana saa ya uji wala wakati wa kutoka. Dorothy alingoja. Aliwakuta nyuma ya madarasa wamekaa kwenye tofali, bega kwa bega, wanagawana kikombe cha uji kwa zamu. Kwa karibu walifanana kama ilivyo lazima, ila wote wawili walikuwa na rangi ya nguo iliyofuliwa mara nyingi.

"Shikamoo, mwalimu," walisema pamoja.

"Marahaba. Hamjachoka?"

Walitazamana ili kujua nani ajibu. Akajibu wa mtandio. "Tumechoka. Kuachana hakuumi. Kuungana ndiko kunauma siku hizi."

"Mngependa darasa lipi? La ustadhi au la katekista?"

"Yote mazuri," alisema wa rula. "Ustadhi anatufundisha kusoma kwa sauti. Katekista anatuimbisha."

"Mkitakiwa kuchagua moja?"

Walipeana kikombe. Kisha wa mtandio akasema, "Mwalimu, hakuna darasa la kukaa tu? Twende popote, hata kufagia, lakini twende mzima."

Dorothy alifungua fomu ya shule. Safu ya tatu ilikuwepo: wasioshiriki. Ilikuwa imewekwa kwa ajili ya watoto wa namna yoyote ambao wazazi wao hawataki au hawajaamua, na katika shule ishirini na sita haijawahi kuandikwa kitu ila sifuri.

Jumatano ya mwisho ya Julai alifika mapema akamwomba Mujibu amwache yule msichana akae ofisini kipindi cha dini. Mujibu hakupenda, lakini mgeni wa ukaguzi hakataliwi jambo dogo. Msichana alikaa kwenye kigoda karibu na kabati akapewa vitabu vya kujalidi kwa magazeti. Rimu ilipogongwa mwili ulimtetemeka kama mtu aliyepitiwa na upepo wa asubuhi, akashika kingo za kigoda, halafu ikapita. Alibaki mmoja. Nje watoto walikuwa wanahama chumba kwa kelele. Alijalidi vitabu kumi na viwili, kwa mikono yake yote miwili, akiwa amevaa yeboyebo zote mbili, na kabla kipindi hakijaisha alikuwa anaimba kidogo kidogo, wimbo wa kutwangia usiokuwa wa dini yoyote.

Kesho yake Bibiana, mama yake, alipita ofisini akitoka kisimani. Alisema mtoto alikula ugali wote wa jana akaomba na ukoko. Alisema pia alilala mpaka jua likatoka. Alisema hayo mawili, akamshukuru mwalimu mkuu, akapandisha ndoo kichwani akaondoka. Mwalimu mkuu akamsimulia Dorothy kwa simu. Dawa ilikuwa imejulikana, na ilikuwa safu moja ya fomu.

Lakini katika kijiji hicho habari haihitaji baiskeli. Kufikia Ijumaa ustadhi Ashraf alikuwa amesikia kwamba mkaguzi amemtoa mtoto kwenye dini, na kufikia Jumapili katekista Petro alikuwa amesikia hivyohivyo. Twahiru alisikia shambani. Na kaka yake Bibiana, Ambrosi, mjomba wa mtoto, ambaye mpaka hapo hakuna aliyemwuliza lolote, alituma ujumbe kwamba Jumamosi ya wiki ya pili ya Agosti atakuwepo nyumbani kwa dada yake na angependa kumwona huyo mwalimu.

Wakakaa barazani kwa Bibiana. Ambrosi alipewa kiti chenye mgongo. Alikuwa mtu wa makamo, mkimya, mwenye korosho nyingi na watoto wachache, na alivyokaa ilionekana wazi kwamba nyumba ile, pamoja na wote waliomo, inamhusu. Twahiru alikaa kwenye benchi pamoja na ustadhi. Katekista na mwalimu mkuu walipewa viti vya plastiki. Bibiana alileta chai na sahani ya ming'oko, vile viazi vya porini, akakaa kwenye mkeka karibu na mlango. Mtoto alikuwa mmoja siku hiyo, kwa kuwa haikuwa Jumatano, na alikuwa nyuma ya nyumba anamenya mihogo.

"Nimesikia shemeji ametia sahihi," Ambrosi alianza.

"Nilipewa karatasi," alisema Twahiru. "Iliandikwa baba."

"Sina ugomvi na wewe. Ugomvi wangu na karatasi." Alimgeukia Dorothy. "Mwalimu, wewe ni wa Ndanda. Kwenu ntoto wa nani?"

"Wa mjomba," alisema Dorothy, na aliona aibu, maana alikuwa ameyajua hayo tangu mwanzo.

"Haya."

Dorothy aliwaeleza mambo yalivyo. Alieleza kwamba mtoto anachelewa kuungana, kila mwezi zaidi ya mwezi uliopita, na kwamba siku moja hatarudi kuwa mmoja. Alieleza habari ya kilo kumi na nne. Alieleza kwamba Jumatano ile ofisini alibaki mzima, na kwamba ipo safu kwenye fomu inayoruhusu. Si lazima iwe milele. Mtoto akikua atachagua mwenyewe. Alisema mtoto ndiye aliyeomba hivyo.

Walimsikiliza vizuri. Hakuna aliyemkatiza. Kisha ustadhi Ashraf akauliza safu hiyo inaitwaje.

"Wasioshiriki."

"Maana yake asiye na dini."

"Maana yake hashiriki kipindi."

"Mwalimu," alisema katekista Petro, "karatasi ikifika huko juu hakuna wa kwenda kuwafafanulia. Watasoma kwamba hapa kuna ntoto wa kipagani." Na ustadhi, ambaye tangu mwaka huo uanze hakuwa amekubaliana na katekista hata juu ya nani atumie ubao, akasema ni kweli kabisa.

Mujibu naye akatoa lake. Shule yake ndiyo pekee katika kata yenye walimu wa dini kila wiki, na ushiriki wake ni asilimia mia. Akiandika mmoja hashiriki, inakuwa tisini na nane na kitu. Alisema hasemi kwa ubaya, ila ni bora ijulikane.

Twahiru alisema mama yake mzazi yupo Newala, mzee, na hatamwambia kwamba mjukuu wake hana pa kuandikwa. Ambrosi alisema hivyohivyo kuhusu ukoo wake. Walitazamana, mtu na shemeji yake, na palikuwa na upendo kwelikweli katika kutazamana kwao. Miaka kumi na mmoja walikuwa wamelindana heshima. Hakuna aliyekuwa tayari kuwa wa kwanza kuivunja.

"Basi chagua wewe, mjomba," alisema Dorothy. "Wewe ndiye mwenye neno. Ukisema kanisani, atakwenda kanisani mzima. Ukisema msikitini, atakwenda msikitini mzima. Sahihi yako itashika."

Ambrosi alichukua mng'oko, akaumenya, hakuula. "Nikimchukua mzima, itaonekana nimemwibia shemeji, na mimi nilimpa neno kwenye kikao mbele ya wazee. Nikimwachia shemeji mzima, ukoo utaniuliza nimempeleka wapi mtoto wao. Neno nililotoa ni kote." Aliuweka ule mng'oko kwenye sahani. "Andika kote, mwalimu. Kama mfumo wenu haujui kuhesabu, hilo si kosa la mtoto wetu."

Watu waliguna kwa kukubali. Dorothy alimtazama Bibiana pale mkekani. Bibiana alikuwa anatazama mikono yake. Hakuna aliyemwuliza kitu, na Dorothy pia, aliyekuwa na nafasi ya kumwuliza, hakumwuliza. Huko nyuma ya nyumba kisu kilikuwa kinagonga mihogo, taratibu, cha mtu mmoja.

Taarifa ilitakiwa ifungwe mwisho wa Agosti. Tarehe ishirini na sita mtu wa takwimu pale ofisini alimwonyesha Dorothy njia. Kama wanafunzi waliohesabiwa ni sitini na wanne na waliosajiliwa ni sitini na watatu, basi tatizo haliko kwa waliohesabiwa. Asajiliwe wa sitini na nne. Namba mpya ya mwanafunzi hutoka ndani ya siku tatu. Sharti ni kwamba mfumo haupokei watoto wawili wa mama mmoja wenye tarehe moja ya kuzaliwa bila kadi ya mapacha ya kliniki, kwa hiyo kila mmoja apewe mlezi wake na kaya yake.

Ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Anifa aliandikwa kwa shangazi yake, dada wa Twahiru aliyehamia ng'ambo ya barabara. Magdalena aliandikwa kwa mjomba. Ambrosi alisaini, shangazi akasaini, Twahiru akasaini kama shahidi kwenye zote mbili. Mfumo ulikuwa kijani kuanzia juu mpaka chini ukaenda ukurasa wa pili. Mkuu wa ofisi alisema hiyo ndiyo kazi. Dorothy alirudi kwenye meza yake akajaribu kufurahi, akashindwa, akaanza shule inayofuata.

Jumatano ya kwanza ya Septemba rimu iligongwa, wakatoka wawili. Kipindi kilipokwisha walirudi mpaka mlangoni pa Darasa la Tano, mmoja kutoka ndani na mmoja kutoka nje, wakasimama wakitazamana kwa mwendo wa dakika chache. Watoto wengine walipita katikati yao. Kisha wa mtandio akaenda kukaa dawati la mbele, lililokuwa limeletwa kutoka stoo kwa ajili ya mwanafunzi mpya, na wa rula akarudi dirishani. Jioni walitoka pamoja, na kwenye njia panda mmoja akavuka barabara. Hawakuungana usiku huo wala usiku mwingine. Shangazi alimnunulia Anifa yeboyebo za kwake, na mjomba akamnunulia Magdalena.

Walilelewa vizuri, na hilo lisemwe ili mtu asionewe. Shangazi alimpenda Anifa, akamsuka, akamkalisha karibu naye akila. Ambrosi alimpa Magdalena kitanda. Walikula, tena kwa wakati, lakini hawakuongezeka. Kliniki ya Oktoba ilipita kijijini ikawapima wote wawili, kilo kumi na nne na kilo kumi na nne, na nesi aliyekuwepo akaandika kila kadi kwa wino mwekundu na kuwapa mifuko miwili ya unga wa lishe.

Bibiana alibaki na sufuria yake. Wiki za kwanza alikuwa anapika kipimo kilekile cha zamani, cha watu watatu, na kinachobaki anawapa kuku.

Dorothy alikwenda mara ya mwisho katikati ya Oktoba, kufunga jalada la shule hiyo. Korosho zilikuwa zimeanza kuanguka na barabarani palikuwa na baiskeli nyingi zenye magunia. Alihesabu Wakristo ishirini na watatu na Waislamu arobaini na mmoja. Daftari la mahudhurio lilisema sitini na nne. Anifa alimwamkia kwenye chumba kimoja na Magdalena alimwamkia kwenye kingine, wote kwa adabu, na sauti zao zilikuwa ndogo kiasi kwamba ilimbidi ainame. Mujibu alikuwa amebandika barua ya pongezi ukutani, juu ya chaki zake.

Alikuwa anakusanya karatasi aondoke Bibiana alipoingia. Alitoka shambani moja kwa moja, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu wa korosho, kitenge kimefungwa kiunoni. Dorothy alisimama. Alitaka kumwamkia akasita, maana watu wa msikitini walimwita Mama Anifa na wa kanisani walimwita Mama Magdalena, naye kwa miaka kumi na mmoja alikuwa ameitikia kote.

"Shikamoo, mama," alisema mwishowe.

"Marahaba. Nimesikia leo ndiyo unafunga. Nimekuja kuziona hizo karatasi."

Dorothy alimpa fomu mbili. Bibiana alijua kusoma, alifika Darasa la Saba. Alisoma ya kwanza yote, mpaka namba ndogo zilizochapwa chini, kisha akasoma ya pili. Mujibu alitoka nje akasema anakwenda kuangalia choo kinavyojengwa.

"Hapa wifi yangu," alisema Bibiana, akionyesha bila kugusa, asije akachafua. "Hapa kaka yangu. Hapa na hapa mume wangu, shahidi." Alizirudisha mezani. "Mimi niliyezaa mmoja nisaini wapi?"

Dorothy alizichukua akazipitia. Alipitia mstari kwa mstari, zote mbili, ingawa alikuwa amezijaza mwenyewe na alijua kila kilichomo. Hapakuwa na mahali. Alitaka kusema samahani, lakini aliona neno hilo ni dogo na litamchosha bure mama wa watu. Aligeuza fomu ya juu, akaiweka mbele yake upande usio na maandishi, akampa kalamu.

Bibiana alifuta vidole kwenye kitenge. Aliandika polepole, kwa mwandiko wa shule, akibonyeza. Aliandika jina lake lote na jina la kijiji. Aliandika tarehe aliyojifungua, na kwamba mvua ilikuwa inanyesha, na kwamba mtoto alitoka na kilo tatu na robo akalia hapohapo. Aliandika kwamba alikuwa mtoto mmoja. Akapiga mstari chini ya neno mmoja, akaangalia kama umenyooka, akarudisha kalamu.

Dorothy alimshukuru. Akazipanga fomu zote mbili, akazitia kwenye bahasha pamoja na taarifa ya shule, akaandika juu yake Imekamilika, na saa sita alikuwa njiani kurudi mjini. Upande wa nyuma wa fomu hauingizwi kwenye mfumo.